Eti Pasaka ni sikukuu ya Ishtar? Nisaidieni kabla sijagombana na shemeji

Mama Wawili
Habarini za jioni wakuu. Kuna jambo linanikera tangu juzi naombeni wenye kujua mnisaidie, wa matusi apite kushoto.

Kwenye grupu la familia shemeji yangu, mume wa dada mkubwa, siku hizi anasali sehemu ambayo hawataki kusikia Pasaka wala Krismasi, katupia picha ya sanamu la mwanamke wa Babeli, pembeni sungura na mayai, chini maandishi marefuuu kwamba Easter ni Ishtar, mungu wa kike wa uzazi, eti Konstantino, kaisari wa Roma, ndo aliibatiza ionekane ya Kikristo, na kila anayeisherehekea anaabudu miungu bila kujijua. Akamalizia "nawaambia mapema kabla hamjaanza Kwaresima yenu". Hiyo "yenu" ndo imeniwasha.

Mama kaiona, hajajibu kitu, leo siku ya tatu. Na mama ninayemsema ni yule wa mkesha wa Pasaka hakosi hata inyeshe mvua ya mawe, kila mwaka ule msalaba wa makuti anaosuka Jumapili ya Matawi anauchomeka juu ya mlango wa chumba chake, unakaa pale unakauka mpaka unakuwa kama rangi ya chai. Jana nimepita kumsalimia natupa jicho juu ya mlango, msalaba haupo. Uko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Sikuuliza, niliogopa hata jibu.

Sasa mimi mwenyewe kanisani siku hizi naenda kwa msimu, sina hoja ya kumjibu huyu bwana. Hayo ya Ishtar ni kweli? Mayai na sungura vilitoka wapi? Na kwa nini tarehe inahamahama kila mwaka?

Ngumi Jiwe
Shemeji yako yuko sahihi. Easter, Ishtar, sikiliza tu matamshi. Amkeni.

Kinubi
Ngumi Jiwe, kama ni kwa matamshi basi na mbuzi ya kukunia nazi tuikamue maziwa.

Mama Wawili twende taratibu. Swali la kwanza la kumuuliza shemeji, hivi wewe na mama yako mnasherehekea nini? Mnasherehekea Pasaka. Easter ni neno la Mwingereza, na Mjerumani ana lake la kufanana nalo, Ostern. Sehemu kubwa ya Wakristo waliobaki jina lao limetoka kwa Waebrania, Pesaki, ile ya Kutoka sura ya 12, damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya milango na Bwana akapita juu ya zile nyumba. Mgiriki akasema Pascha, Mwitaliano Pasqua, Mhabeshi Fasika, Mnyarwanda Pasika, sisi Pasaka. Yaani hata kama hoja ya Ishtar ingekuwa kweli tupu, kesi ingekuwa ya Mwingereza na kamusi yake, mama yako angeitwa shahidi tu. Na ukitaka kicheko, fungua Matendo 12:4 kwenye ile Biblia ya Kiingereza ya King James, wameandika Easter, fungua yetu imeandikwa Pasaka, na Kigiriki chenyewe ni pascha. Neno la Kiingereza limebandikwa juu ya kitu kilichokuwepo tayari.

Hilo neno Easter lenyewe: kuna mtawa wa Uingereza anaitwa Beda, mwaka 725 aliandika kitabu cha kuhesabu nyakati, humo akasema wahenga wake mwezi ule waliuita Eosturmonath kwa ajili ya mungu wa kike Eostre waliyekuwa wakimfanyia karamu. Ni mistari michache tu, na hakuna mwandishi mwingine wa kale anayemtaja huyo mama. Sungura hayumo, yai halimo. Ni jina la mwezi likahamia kwenye sikukuu iliyoangukia mwezi huo. Sisi tunasema Machi, asili yake Mars mungu wa vita wa Warumi, na aliyezaliwa Machi hatujamwambia arudi kubatizwa.

Ishtar ni wa Mesopotamia, mnyama wake ni simba, alama yake nyota ya ncha nane. Aliyemuunganisha na Easter akaivumisha habari mpaka leo inatembea kwenye simu zetu ni mchungaji wa Scotland, Alexander Hislop, alianza na kijitabu mwaka 1853 akakipanua 1858, na nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba Kanisa la Roma ndo Babeli. Posti ya shemeji wako basi ina umri wa kutosha kulipwa pensheni mara tatu.

Na Konstantino anasingiziwa. Kama mwaka 155 hivi Polikarpo, askofu wa Smirna, mzee kabisa, alisafiri mpaka Roma kuongea na Aniseto, askofu wa huko, wakabishana Pasaka iadhimishwe siku gani. Wabishane siku ya sikukuu isiyokuwepo? Konstantino anazaliwa zaidi ya miaka 100 baadaye, na wamisionari kutoka Roma wanafika Kent kwa Waingereza mwaka 597, huko ndiko walikokuta huo mwezi wao wa Eostre. Mtoto hawezi kumzaa bibi yake.

Mama Wawili
Kinubi ubarikiwe, hii ya Machi naihamisha kama ilivyo. Ila walikuwa wanabishania nini hasa hao wazee?

Kinubi
Siku ya wiki. Makanisa ya Asia (kwa sasa ni Uturuki) walishika tarehe 14 ya mwezi Nisani wa Kiyahudi, siku ya kuchinja mwanakondoo, iwe Jumatatu iwe Alhamisi wao hawajali. Roma wakasema hapana, ni Jumapili kwa sababu ndo siku aliyofufuka. Polikarpo hakumshawishi Aniseto, Aniseto hakumshawishi Polikarpo, wakashiriki meza moja kanisani wakaagana kwa amani. Kama mwaka 190 hivi akaja Papa Viktor, ambaye mapokeo yanasema alikuwa Mwafrika, huyo hakuwa na subira akataka kuwatenga watu wa Asia wote, ikabidi Irenei, askofu wa Lyon, amwandikie barua ya kumpoza kwa kumkumbusha hao wazee wawili. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ndo ukasema basi, wote Jumapili moja, na waliozoeleka kupiga hesabu walikuwa watu wa Iskandaria, Misri, askofu wao alikuwa anatuma barua kila mwaka kutangaza tarehe. Kwa hiyo ile kauli ya mitaani kwamba "Wazungu walituletea tarehe" nayo ina matundu.

Kanuni: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Ndo maana haishuki chini ya 22 Machi wala haivuki 25 Aprili.

Ubani na Udi
Mimi Muislamu wa Tanga nilikuwa nasoma kimya kimya. Kumbe na nyie mna ugomvi wa mwezi! Nilidhani ni sisi tu, huyu kauona huyu hajauona, mtaa huu wamefunga mtaa wa pili wanakula.

Swali, mbona mwezi wenu hauzunguki mwaka mzima kama Ramadhani?

Kinubi
Karibu sana ndugu yangu. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, kwa hiyo Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma siku 11 hivi. Wayahudi wanafuata mwezi pia ila katika kila miaka 19 wanaongeza mwezi wa 13 mara 7, ili Pasaka yao isitoke kwenye majira ya mavuno ya shayiri. Wakristo nao wanapiga hesabu kwa mzunguko wa miaka 19. Na mwezi wa kanisa haungojwi kuonekana, uko kwenye jedwali, hata wingu likitanda Jumapili haibadiliki.

Ubani na Udi
Jedwali ni jambo jema, linaokoa udugu. Sisi tunasubiri pilau ya jirani tu, hiyo haina hitilafu baina ya wanazuoni.

Shamba Darasa
Mimi nitasema kistaarabu. Ishtar tuiweke kando, nakubali ile posti ni ya kuokoteza. Lakini nionyesheni mstari Yesu au mtume aliposema mwadhimishe ufufuko mara moja kwa mwaka kwa mishumaa na moto. Alisema fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu, ule usiku wa mkate na divai. Sisi tunaukumbuka usiku huo, 14 Nisani baada ya jua kuzama, basi. Mengine ni mapokeo ya wanadamu.

Kinubi
Hoja yako ina uzito kuliko ya Ngumi Jiwe mara 100 na sitaikwepa. Mstari wa amri haupo. Si mimi tu nasema, Sokrates, mwandishi wa historia ya kanisa wa karne ya 5, aliandika wazi kwamba Bwana na mitume hawakuweka sheria ya sikukuu hii, kila mahali watu walianza kuishika kwa desturi. Ila desturi na upagani ni vitu viwili, na posti ilisema upagani. Paulo kwa Wakorintho wa kwanza 5:7 anasema Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani Kristo, na mstari unaofuata anasema basi na tuifanye karamu. Alikuwa anasema kwa mfano? Inawezekana. Lakini lugha ya kondoo na damu ilikuwepo tangu mwanzo, Babeli haikuhitajika.

Na nikutanie kidogo, nyie wa 14 Nisani mngekaa vizuri sana na Polikarpo.

Kuhusu moto na mishumaa, ambaye hajawahi kukaa mkesha ngoja nimwonyeshe. Taa zote za kanisa zimezimwa, watu mko nje gizani mmezunguka moto wa kuni, watoto wanasinzia mabegani. Padri anashika mshumaa mkubwa anachora msalaba, juu yake herufi Alfa, chini Omega, kwenye pembe nne tarakimu za mwaka, halafu anachomeka chembe tano za ubani, ndo madonda matano. Anauwasha kwenye ule moto, wanaingia nao mlangoni, "Mwanga wa Kristo", watu wanaitikia "Tumshukuru Mungu", moto unapita mshumaa kwa mshumaa, na nta inakudondokea mkononi kwa sababu kile kikaratasi ulichokata kwenye jalada la daftari kimepinda. Halafu linasomwa simulizi la Kutoka, bahari kugawanyika. Somo hilo usiku huo haliruhusiwi kurukwa hata mkiwa na haraka vipi. Wakatekumeni, yaani waliokuwa wanafundishwa dini, wanabatizwa hapo, nao wanapita kwenye maji. Ukiona hayo yote halafu uniambie ni Ishtar, mimi nakuacha tu.

Mfuga Kuku
Mayai niachieni mimi maana ndo kazi yangu.

Zamani Kwaresima haikuwa kuacha soda kama siku hizi, walikuwa hawali nyama, maziwa WALA MAYAI. Sasa kuku hajui Kwaresima, anataga tu. Piga hesabu mwenyewe, kuku wako 10 wakitaga hata nusu yao kila siku, siku 40 ni mayai 200, ni trei sita na zaidi zimekaa ndani hujagusa. Unayachemsha yasioze, Pasaka ikifika ndo karamu, unagawa kwa majirani na watoto, ukiwa na pesa unayapaka rangi. Mfalme Edward wa 1 wa Uingereza mwaka 1290 alilipia mayai 450 ya kupakwa rangi na dhahabu kwa ajili ya watu wa nyumba yake ya kifalme. Bei ilikuwa peni 18 za wakati huo, mkisikia bei ya trei leo msinilaumu.

Ya chokoleti ni biashara tu, kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ilianza kuyauza 1873. Na sungura ni wa Wajerumani, maandishi ya kwanza ya sungura anayeleta mayai ni ya daktari mmoja, Georg Franck von Franckenau, mwaka 1682, na yeye mwenyewe alikuwa anawaonya watu wasile mayai mengi yakawavuruga tumbo. Wahamiaji wa Kijerumani wakampeleka Pennsylvania. Kwetu sungura ni mjanja wa hadithi tu, mayai hajawahi kuleta labda kuiba.

Mhaya Bila Senene
Sisi Waorthodoksi wa Bukoba mmetusahau, ila kwetu mayai hayana haja ya utetezi. Baada ya liturujia ya usiku padri anabariki mayai mekundu, unapewa lako, unaligonganisha na la jirani yako unasema "Kristo amefufuka!" naye anajibu "Kweli amefufuka!" anayepasuliwa ndo kashindwa. Nyekundu ni damu, ganda ni kaburi, likipasuka kaburi limefunguka. Bibi yangu alikuwa anachagua lenye ncha kali kwa kuligonga kwenye meno yake ya mbele, hajawahi kushindwa miaka yote nimemjua.

Halafu sisi tunafuata kalenda ya zamani ya Julius kupiga hesabu, ndo maana mwaka 2024 nyie mlikula Pasaka 31 Machi sisi tukasubiri mpaka 5 Mei. Mwaka 2025 ikaangukia siku moja kwa wote, 20 Aprili, watu wakashangaa kama wameona kupatwa kwa jua.

Ngumi Jiwe
Maneno mengi. Mtanikumbuka.

Dada wa Sakristia
Mama Wawili samahani nimechelewa kuona huu uzi. Hebu nikuulize, Jumatano ya Majivu si wiki ijayo? Unajua majivu yanatoka wapi? Ni hayo hayo matawi ya mwaka uliopita. Wiki hizi parokia zote zinatangaza leteni matawi yenu makavu, yanachomwa, yanapondwa na kuchekechwa, ndo mnapakwa kwenye paji la uso. Mimi nayachekecha kwa chekecheo ya unga kila mwaka na yanaganda kwenye kucha siku tatu. Hebu mpigie mama muulize hiyo bahasha ya kaki.

Mama Wawili
Jamani nimepiga.

Kasema padri alitangaza Jumapili, akautoa mapema na kuuweka kwenye bahasha asije akausahau kama mwaka juzi. Nikamuuliza na kule kwenye grupu mbona kimya mama, kuna alichokuambia shemeji kikakuumiza? Akaniuliza grupu gani. Bando lake liliisha Jumanne, picha ilifunguka nusu, akaona sungura tu akajua shemeji anauza sungura.

Kaniambia kama bei ni nzuri nimchukulie wawili.