Bia ya George Washington imenilipukia kabatini: nimekosea wapi?

MtuWaMarangu
Wakuu salaam. Mimi ni Mchaga wa Marangu, niko Virginia mwaka wa tisa huu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, huku hakuna, na ndizi za dukani nimezijaribu mara mbili, zimenigomea. Nikaangukia daftari la George Washington la mwaka 1757, enzi hizo bado ni kanali wa kikosi cha Virginia chini ya Mwingereza. Humo ameandika namna ya kupika bia nyepesi ya nyumbani.

Chukua chekeche kubwa lililojaa pumba, hopsi (maua machungu ya kutilia bia ladha) kadiri upendavyo, chemsha kwa muda wa saa tatu. Chuja galoni 30 (kama lita 113) ndani ya beseni, juu ya galoni 3 za molasi (shira nyeusi ya miwa), ingali inatokota. Ikipoa ikabaki vuguvugu, zaidi kidogo ya joto la damu, tia kwati moja ya hamira, karibu lita moja. Kukiwa na baridi kali ifunike blanketi. Iache ichachuke humo saa 24, kisha itie kwenye pipa, kizibo kikae wazi.

Nikagawa kila kitu kwa kumi. Mstari wa mwisho ndio ulionitatiza: Kiingereza chao cha zamani kinasema itiwe kwenye chupa "siku hiyo wiki iliyopikwa". Nikaona basi, ni siku ileile. Saa 24 zilipotimia nikajaza chupa 14, nikafunga. Usiku wa tatu chupa sita zimepasuka kwa mpigo, mke wangu amelala chini kwenye sakafu akidhani ni risasi.

Swali la pili: kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kiko wapi? Mbege bila kimea cha ulezi ni uji wa ndizi tu.

Baharia77
Sita kati ya 14! Hiyo si bia mkuu, ni baruti. Pole kwa shemeji.

MamaKimea
Mdogo wangu, umeruka pipa. Saa 24 ni za beseni tu. Baada ya hapo ilitakiwa ikae kwenye pipa, na kizibo kibaki wazi mpaka povu likaribie kwisha. Wewe umeifungia sukari yote na hewa yake ndani ya chupa. Hata kwetu nani anakaza mfuniko wa dumu la pombe inayochemka?

Na huo mstari ni wa wazee wa Kiingereza: wakisema "siku hiyo wiki" wanamaanisha siku kama hiyo, wiki inayofuata. Ukipika Jumanne, unajaza chupa Jumanne ijayo.

Mzee wa Pipa
Hilo la kimea nalijibu mimi. Makoloni mengi hayakuwa na shayiri ya kutosha, na kimea kutoka Uingereza kilikuwa ghali. Molasi ilishuka bandarini kutoka visiwa vya miwa vya Karibi, kwa jasho la watumwa, na bei yake ilikuwa ndogo. Kwa hiyo sukari yote ya bia yako ni ya molasi. Pumba zinaipa uzito kidogo tu. Wengine walipika kwa maboga, hata kwa vichipukizi vya misonobari.

Kaskazini, New England, mfalme alikuwa saida, yaani pombe ya tufaha. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, alikuwa na desturi ya kuanza siku na kikombe kikubwa cha saida. Makapi ya tufaha yakimwagiwa maji na kukamuliwa tena, kinatoka kinywaji chepesi, wakapewa watoto. Mvinyo ndio uliowashinda. Mwaka 1619 Virginia ilitunga sheria kila mwenye kaya apande mizabibu 10 kwa mwaka, lakini mizabibu ya Ulaya ikafa kwa magonjwa na wadudu. Wenye pesa wakabaki kuagiza mvinyo wa Madeira kutoka kisiwa cha Wareno.

Baharia77
Si walikunywa bia kwa sababu maji yalikuwa sumu?

Mzee wa Pipa
Hayo yamekuzwa. Maji ya visima na chemchemi walikunywa sana. Bia ilikuwa chakula na mazoea ya kwao.

MtuWaMarangu
Narudi na mrejesho. Nimepika tena Jumamosi, beseni saa 24, kisha ndoo yenye kifuniko kilicholegezwa. Jumamosi iliyofuata nikajaza chupa 14. Hakuna iliyopasuka, ingawa mke wangu ameamuru zikae gereji.

Ladha: ya kwanza kinywani ni molasi, nzito, kama pipi iliyoungua, halafu uchungu unakuja nyuma. Utamu wote umeliwa na hamira. Msesewe, gome chungu tunalotia kwenye mbege, siupati huku, nikazidisha hopsi, na hapo nadhani nilikosea kidogo. Ila nilipoimimina kwenye kata aliyonipa bibi nikiondoka nyumbani, povu lilikaa.

Zimebaki nane. Aliye karibu na Richmond aje, nyama ya kuchoma ipo.