Mke mwenye gubu, mume bwege: tunawaondoaje kwenye skripti ya komedi?

KalamuMezani

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa komedi ya familia ya vipindi 13, kila kimoja dakika 24 bila matangazo. Nyumba moja: mume, mke, mama mkwe, dada wa kazi na jirani. Skripti nne za kwanza zimeshasomwa mezani na zote zina ugonjwa mmoja. Mke anaingia, anauliza "ulikuwa wapi?", anafoka, mume anadanganya, watu wanacheka, mke anatoka. Tukimpa busara anageuka mwalimu wa nidhamu: hakosei, na hachekeshi hata mara moja. Waigizaji wa kike wanasema hawana cha kucheza, na wana haki kusema hivyo.

Naomba msaada wa vitendo. Mnakaguaje skripti mpaka muone ubaguzi wa kijinsia umekaa wapi hasa? Mkishauona, mnaurekebishaje bila kuua kichekesho? Na kile kipimo cha Bechdel, cha kuangalia kama wanawake wanazungumza wao kwa wao, kina faida yoyote kwenye komedi?

KalamuNyekundu

Mkuu, anza kwa kuhesabu. Printi skripti, chukua kalamu mbili za rangi. Kwenye komedi kuna anayetega na anayefyatua. "Ada ya mtoto umelipa?" ni kutega. "Nimelipa, ila sina hakika ni ya mtoto gani" ni kufyatua. Paka njano mistari yote inayotega, kijani yote inayofyatua, halafu jumlisha kwa kila mhusika. Kwa skripti ya dakika ishirini na kitu ni kazi ya saa moja au mbili.

Usihesabu maneno peke yake, yatakudanganya. Tuseme mke ana mistari 60 na mume 65. Kwa macho wako sawa. Ukishapaka rangi unakuta mistari 50 ya mke ni njano. Maana yake kazi yake ni kumshikia mwenzake ngazi apande. Hapo ndipo waigizaji wako wanapoumia, hata kama hawajui kulieleza.

Pili, kwa kila mhusika wa kike andika sentensi moja: "Leo anataka ___." Nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu kinachoshikika, kiwe na siku ya mwisho, na kijulikane kabla ya dakika ya nne. "Anataka mumewe aache pombe" haikubaliki, kwa sababu hiyo bado ni hadithi ya mume. "Anataka kuchaguliwa mwenyekiti wa kikoba Jumamosi hii" inakubalika.

Tatu, mtoe mke na mahali pake weka geti lililofungwa. Kama mume bado anahangaika vilevile, anazunguka, anadanganya, anaruka ukuta, basi hukuandika mke, uliandika geti. Skripti nyingi huanguka hapa, zikiwemo zile ambazo mke anasifiwa kuwa "mwanamke shupavu".

Kuhusu Bechdel: ni kanuni iliyotokea kwenye katuni ya Alison Bechdel mwaka 1985, na ilihusu filamu. Wawe wanawake wawili, wazungumze wao kwa wao, wasizungumzie mwanaume. Kwenye komedi ya nyumbani, mama mkwe na dada wa kazi wakibishana kuhusu chumvi kwa sekunde kumi, umefaulu, na mke bado ni geti. Kitumie kama king'ora tu: ukishindwa vipindi vinne mfululizo, kuna tatizo. Ukifaulu, hujathibitisha chochote.

MkongweWaKamera

Naongeza kitu kuhusu mtambo wenyewe, maana ubaguzi huu hauletwi na mwandishi mwenye roho mbaya pekee. Umo ndani ya muundo. Komedi ya aina hii inatakiwa mwisho wa kipindi irudi pale ilipoanzia, ili wiki ijayo mtazamaji mpya asipotee. Njia rahisi kuliko zote ya kufanya hivyo ni mtu mmoja kuanzisha mpango wa ovyo na mwingine kuuzima. Mwanzishaji ndiye anayependwa, mzimaji ndiye anayechukiwa. Tangu zamani kazi ya kuzima imekuwa ikipewa mke.

Tazama *The Honeymooners* ya Marekani, vile vipindi 39 vya 1955 na 1956. Ralph, dereva wa basi, ana mpango wa kutajirika. Mkewe Alice anaona shimo lililoko. Ralph anamkunjia ngumi na kutishia kumrusha mpaka mwezini. Hakuwahi kumpiga, na Alice alimjibu kwa maneno makali yenye kuchekesha, kwa hiyo kwa kalamu za ndugu hapo juu Alice ana kijani cha kutosha. Lakini tishio la kipigo ndilo lililofanywa pambo la kipindi na watu wakafundishwa kulicheka. Umbo hilohilo, bila ngumi, linaonekana tena kwenye *The King of Queens* (1998–2007).

Kwetu Afrika Mashariki, mtambo unaopendwa ni wa siri: mume anaficha jambo, mke asijue. *Papa Shirandula* ya Citizen TV Kenya, iliyoanza 2007, ilisimama juu ya mlinzi wa getini anayemficha mkewe Wilbroda kazi yake halisi. Ni mtambo wenye nguvu, unazaa vipindi vingi. Hatari yake ni kwamba mke anakuwa mtu wa mwisho kujua mambo ya nyumba yake, na asiyejua hawezi kupanga. Kilichomsaidia Wilbroda ni kwamba alikuwa na vituko vyake mwenyewe, havikungoja mume afike.

Kwa hiyo usiutupe mtambo wa siri. Mpe kila mmoja siri yake.

KalamuMezani

Asanteni sana. MkongweWaKamera, hiyo ya siri mbili ningeomba uifungue. Tuna kipindi ambacho mume amechukua shilingi 400,000 za ada akaziweka malipo ya awali ya bodaboda. Mke anagundua ukurasa wa 18, anafoka, mume anapiga magoti. Imekaa vibaya kweli.

MkongweWaKamera

Mfanye mke mweka hazina wa kikoba. Anagombea uenyekiti Jumamosi. Amechukua 400,000 za kikoba akanunua jokofu la kuuzia juisi, akiwa na hesabu kwamba wiki mbili zinatosha kuzirudisha, na jokofu limefika bovu. Sasa panga hivi:

Dakika 0 hadi 4: tunazijua siri zote mbili, wao hawajuani. Dakika ya 8: kila mmoja anamsifu mwenzake kwa uaminifu mbele ya jirani. Dakika ya 12: wote wawili, kwa nyakati tofauti, wanakwenda kukopa kwa mama mkwe. Yeye sasa anashika funguo za nyumba nzima, hana tena haja ya kuguna kila sini (onyesho). Dakika ya 18: wanakikoba wamekaa sebuleni, honi ya bodaboda inalia nje, jokofu linanguruma chumbani, na mume na mke kwa pamoja wanasema hawasikii kitu. Dakika ya 22: yote yanafumuka. Mbili za mwisho: nani analipa nini, na lini.

Pale walipo wote "hawasikii" ndipo kicheko kikubwa, na ni cha wawili.

KalamuNyekundu

Napingana kidogo hapa. Makosa yawe mawili, sawa, lakini uzito wake uupime. Ukiandika mume kauza kiwanja cha mke bila kumwambia, na mke kanunua gauni kwa siri, halafu mwisho wakakumbatiana kana kwamba wametoka sare, hiyo si sare. Kwenye mfano wako fedha ni 400,000 kwa 400,000, kwa hiyo imekaa vizuri.

Angalia pia mwisho, si katikati tu. *I Love Lucy* (1951–1957) ni somo kubwa. Lucille Ball, aliyemcheza mke Lucy, ndiye aliyefyatua karibu kila kitu. Lucy alikuwa na tamaa, mipango na ujasiri, anataka jukwaa ambalo mumewe Ricky anamnyima. Ukipaka rangi, ukurasa ni kijani kitupu kwa mwanamke. Lakini kipindi baada ya kipindi anarudishwa jikoni, na mara nyingine Ricky anamlaza mapajani na kumchapa kama mtoto, watu wanacheka. Mamlaka ya kuchekesha na mamlaka ndani ya nyumba ni vitu viwili. Hesabu vyote: mwishoni mwa kila kipindi andika nani amepata alichokitaka. Katika vipindi vyako 13, kama mke kapata mara mbili na mume mara tisa, rudi mezani.

Na ukitaka kuona haki ikisemwa bila hotuba, kuna kipindi cha *The Mary Tyler Moore Show* cha mwaka 1972. Mary anagundua kwamba mwanaume aliyekuwa kwenye kazi yake kabla yake alilipwa dola 50 zaidi kwa wiki. Bosi anajitetea kwamba yule alikuwa na familia ya kulisha. Mary anamjibu kwa hesabu: basi mwenye watoto watatu alipwe zaidi ya mwenye wawili, mbona hamfanyi hivyo? Mantiki yenyewe ndiyo inayofyatua. Mwandishi Treva Silverman alikuwa miongoni mwa waandishi wa mfululizo huo na alipata tuzo ya Emmy mwaka 1974. Waandishi wa kike wawe zaidi ya mmoja chumbani kwenu; akiwa peke yake ataulizwa kila mara "wanawake wanaonaje?" na hatapata muda wa kuandika utani.

MezaYaUhariri

Mmesahau kwamba skripti nzuri inaweza kuharibiwa kwenye uhariri. Mambo matatu.

Vicheko vya kubandika. Tangu Charles Douglass atengeneze mashine yake ya vicheko miaka ya 1950 Marekani, mhariri ana uwezo wa kuamua nani yuko sahihi. Mke anasema jambo la haki, wewe unakata kwenda kwenye uso wa mume anayekodoa macho, unabandika kicheko cha sekunde mbili juu ya uso huo. Tayari umegeuza haki yake kuwa kelele. Maneno hayajabadilika hata moja. Kagua orodha ya vicheko kama mnavyokagua mistari: kila kicheko kiandikiwe kinamcheka nani.

Picha za karibu. Hesabu picha za karibu za mke na uandike yuko katika hali gani. Kama nyingi ni za hasira, mwongozaji alimwekea kamera akifoka tu. Mwombe siku ya kupiga achukue pia picha zake akipanga, akisikiliza, akijizuia kucheka. Usipokuwa nazo kwenye kadi ya kamera, kwenye meza ya uhariri huna cha kuokoa.

Pia pumzi. Mwigizaji wa kike akifyatua, mwachie nafasi kabla ya mstari unaofuata. Wahariri wengi humkata mapema kwa sababu skripti imewazoesha kwamba yeye anatega tu.

Kuna tamthilia ya kituo cha AMC cha Marekani, ya 2021 na 2022, Annie Murphy akicheza mke (jina lake lina tusi, silitaji). Mume akiwepo taa ni kali, kamera nyingi, vicheko vinasikika. Akitoka, vicheko vinazimika, rangi zinapoa, inabaki kamera moja na mke aliyechoka. Itazameni na timu nzima; inaonyesha kwa macho kile ambacho mtambo unaficha.

LughaNdiyoKazi

Mimi nazungumzia Kiswahili, kwa sababu utani wetu una mitego isiyoonekana kwenye komedi za Kiingereza.

Ngeli kwanza. Tafuta kwenye skripti kila mahali mwanamke anapotolewa kwenye ngeli ya watu: "kile kibibi kimefika", "lile jidada limekasirika". Kumkuza au kumdogosha mtu kwa ngeli ni silaha halali ya uchekeshaji, ila hesabu inamwangukia nani. Mara nyingi ni mama mkwe na dada wa kazi, mume haguswi.

Halafu kuoa na kuolewa. Mwanaume anayeishi kwenye nyumba ya mke anaambiwa "umeolewa", aoshaye vyombo anaambiwa amekaliwa au amelishwa limbwata. Utani wa limbwata unapiga pande mbili kwa kofi moja: unasema mwanaume mwenye akili timamu hawezi kumsaidia mkewe, na unamfanya mke mchawi. Ukiutaka utumie, uweke kinywani mwa jirani, na nyumba iendelee na kazi zake bila kujitetea. Mume aendelee kuosha sufuria. Kicheko kitamrudia jirani mwenyewe.

Wanaume wanaocheza wanawake, kama mchekeshaji Joti alivyofanya kwenye kipindi cha Orijino Komedi cha Tanzania, ni mila ya muda mrefu na sisemi ifutwe. Jiulize kinachochekwa ni nini: akili na ujanja wa huyo bibi, au makalio ya kubandika na sauti ya puani? Mwondolee mavazi, soma mistari mitupu. Ikichekesha bado, kuna mhusika.

Na dada wa kazi, tafadhali. Kwenye orodha yako umemtaja wa nne. Kenya, *Auntie Boss!* ya NTV iliwaweka wafanyakazi wa nyumbani katikati ya hadithi, na siri za matajiri wao zikaonekana kutoka jikoni. Dada wa kazi ndiye anayejua bodaboda imefichwa wapi na jokofu limenunuliwa kwa fedha gani. Kwenye kile kipindi chenu, mpe yeye sini ya kwanza, na mshahara wa miezi miwili anaoudai.

KalamuMezani

Mshahara wa miezi miwili! Hiyo inafunga kipindi: zile 400,000 za mama mkwe zikitoka, wa kwanza kulipwa ni yeye. Leo usiku napaka rangi skripti zote nne, kesho naleta hesabu hapa.