Bastola ya 9×19 kwa shindano la IPSC: je, nijaze risasi mwenyewe au nitumie za kiwanda?

Mwana_Kampemba

Ndugu zangu wapenda shabaha, nawasalimu nyote.

Ninaishi hapa Lubumbashi na ninamiliki kwa kibali bastola moja ya kawaida inayotumia risasi za 9×19 (milimita), isiyo na darubini wala nyongeza yoyote. Kaka yangu anayefanya kazi Afrika Kusini amenialika mwakani kwenye shindano la klabu yao, linaloendeshwa kwa kanuni za IPSC (shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo), na nimeanza kujiandaa kwa dhati. Mambo matatu yananisumbua.

La kwanza ni kipimo cha nguvu ya risasi. Nimesoma kwamba lazima kifike 125, lakini hesabu yake ni ya greni na futi, nasi huku tumesoma kwa gramu na mita. Sanduku la risasi zangu linaonyesha kichwa cha gramu 8.04 na mwendo wa mita 350 kwa sekunde. Je, zinatosha? La pili, kaka anasema wenzake wengi hujaza risasi wenyewe kwa mashine ya mezani ili bastola isiruke sana mkononi, naye yuko tayari kunipa mashine yake ya zamani niilete nyumbani. Je, niikubali? La tatu, ningependa kujua ni kanuni zipi humtoa mgeni mashindanoni mapema, kwa maana sitaki kusafiri mwendo wote ule nikaondolewa kabla ya saa nne asubuhi.

Fundi_Ruashi

Ndugu, nianze na hesabu. Kanuni inataka uzidishe uzito wa kichwa cha risasi kwa greni na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha ugawanye kwa 1,000. Greni moja ni gramu 0.0648 na futi moja ni mita 0.3048, kwa hiyo ukipenda kubaki kwenye vipimo vyetu, zidisha gramu kwa mita kwa sekunde halafu gawanya kwa 19.75, nawe utapata jibu lile lile. Risasi yako, kama kweli inatoka kwa mita 350, ina kipimo cha 142. Kwa kichwa hicho cha gramu 8.04, ambacho ndicho greni 124, mwendo unaohitajika kufika 125 ni zaidi kidogo ya mita 307 kwa sekunde.

Hata hivyo, usiitegemee ile 350 ya kwenye sanduku. Kiwanda hupima kwa mtutu wake wa majaribio, ambao mara nyingi huwa mrefu kuliko wa bastola ya kiunoni, na mtutu mfupi hupunguza mwendo. Namba yenye maana ni ile inayotoka kwenye bastola yako wewe, mbele ya kronografu (chombo cha kupimia mwendo wa risasi), kwa sababu ndivyo waamuzi watakavyoipima. Katika shindano linalopima risasi, huchukua risasi 8 kutoka kwako. Moja huvunjwa na kichwa chake kuwekwa kwenye mizani, tatu hupigwa kwa bastola yako, na wastani wa mwendo wake ndio unaotumika katika hesabu. Ukipungukiwa, hupigwa tatu nyingine, kisha huchukuliwa tatu zenye mwendo mkubwa kati ya zote sita. Ukiwa bado hujafika, ile moja iliyobaki unaiamua mwenyewe: ivunjwe na kupimwa, ukitumaini kwamba kichwa chake ni kizito zaidi, au ipigwe ukitumaini kwamba itakimbia zaidi.

Zingatia sana kwamba hakuna kukadiria kwenda juu. Namba za nyuma ya nukta hutupwa, hivyo 124.99 ni 124. Chukua mfano wa vichwa vilivyoandikwa greni 124 ambavyo kwenye mizani vinatoa 123.6: kwa futi 1,010 unapata 124.83, nawe umeanguka, ingawa kwenye karatasi ulikuwa umefika. Katika kundi la Production (la bastola za kawaida kama yako), anayeanguka chini ya 125 huruhusiwa kuendelea kupiga, lakini alama zake hazihesabiwi tena. Kwa hiyo acha nafasi na ulenge 130 au zaidi, yaani kama mita 320 kwa sekunde kwa kichwa chako. Nafasi hiyo inahitajika pia kwa sababu ya hali ya hewa, maana kuna baruti ambazo huwaka kwa nguvu pungufu zikiwa baridi, na risasi uliyoipima hapa mwezi wa Oktoba haitakuwa na mwendo ule ule asubuhi ya Juni au Julai, iwe kwetu au kwenye nyanda za juu za Afrika Kusini.

Kuhusu mashine, mimi ni fundi na ninaiheshimu kazi hiyo ikifanywa mahali inaporuhusiwa na mtu aliyefundishwa. Lakini faida unayoitafuta ipo tayari dukani. Kichwa cha greni 147 kinachokwenda futi 880 kinatoa kipimo cha 129, sawa na kichwa cha greni 115 kinachokimbia futi 1,125, lakini wapigaji wengi huona kile kizito kinausukuma mkono taratibu zaidi. Viwanda vinatengeneza risasi za greni 147 za 9×19. Jaribu hizo kwanza, uone kama bastola yako inazipokea vizuri.

Nikuambie pia hatari yake waziwazi. Baruti zinazowaka haraka hutumiwa kwa kiasi kidogo sana, hata ganda la 9×19 linaweza kupokea kipimo mara mbili bila kumwagika, na macho yakipitiwa hapo, mpigaji anakuwa ameandaa mlipuko mbele ya uso wake. Upande wa pili ni ganda lililokosa baruti kabisa: fataki (kile kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) peke yake yaweza kusukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikakigonga, mtutu ukavimba au kupasuka. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama hapo hapo. Mwamuzi naye akishuku jambo hilo atakusimamisha. Bastola na risasi zikionekana salama, utarudia zoezi lote. Likigunduliwa tatizo, hurudii, na unapewa alama za pale ulipofika.

Mwanasheria_Golf

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa sababu swali la mashine haliishii kwenye ufundi.

Silaha na risasi hapa Kongo husimamiwa na ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kibali cha kumiliki bastola ni kibali cha bastola hiyo, wala kisichukuliwe kuwa ruhusa ya kutengeneza risasi au kuingiza vifaa vya kuzitengenezea. Nchi yetu pia ilitia saini Mkataba wa Kinshasa wa udhibiti wa silaha ndogo katika Afrika ya Kati, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kufanya kazi tarehe 8 Machi 2017, nao unahusu hata risasi, sehemu za silaha na vifaa vinavyoweza kuzitengeneza. Kwa hali ya usalama ilivyo mashariki mwa nchi, mtu anayefika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mashine ya kujazia risasi ndani ya gari, bila karatasi iliyotolewa mapema na mamlaka, anajiingiza katika maelezo marefu ambayo kaka yake hataweza kumsaidia. Usiilete. Kama siku moja utaitaka kweli, anza na barua, na usubiri jibu la maandishi.

Jambo lile lile linahusu kusafiri na bastola. Kwa barabara utapita Zambia, kisha Zimbabwe au Botswana, na kila nchi ina ruhusa yake, si mwisho wa safari peke yake. Kwa ndege, utaratibu wa kimataifa huruhusu risasi zisizozidi kilo 5 kwa abiria, katika mzigo unaokaguliwa, tena kwa idhini ya shirika, na mashirika mengine hukataa risasi zisizo katika sanduku la kiwanda. Afrika Kusini nayo hutaka ombi la kuingiza silaha kwa muda, kwa fomu ya polisi inayoitwa SAPS 520.

Kuna njia nyepesi zaidi. Sheria yao ya silaha, namba 60 ya mwaka 2000, humruhusu mwenye leseni kumpa mtu mwingine silaha yake aitumie chini ya uangalizi wake wa karibu. Mwombe kaka aulize klabu kama kuna mwanachama atakayekubali kukusimamia kwa utaratibu huo. Utasafiri na miwani na vizuia sauti vya masikio tu, nawe utalala usingizi njiani.

Mzee_wa_Kamalondo

Mwanangu, wenzangu wamesema vizuri. Mimi nitajibu swali lako la tatu, kwa kuwa nilishiriki mchezo huu miaka mingi nilipokuwa kusini, na nimewaona watu wenye mikono mizuri wakifungasha virago kabla ya chakula cha mchana.

Ingia Production. Ni kundi la bastola za kawaida zilizo katika orodha iliyokubaliwa, na wote hupigiwa hesabu ya nguvu ndogo (ile ya 125), kwa hiyo hakuna atakayekupita kwa ukubwa wa risasi. Magazini isizidi risasi 15 wakati kengele inapolia. Ala ya bastola na mifuko ya magazini vikae nyuma ya ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, wala visiachane na mwili zaidi ya milimita 50. Ala ya begani na ile inayofungwa pajani haziruhusiwi. Usivae nguo zenye mabaka ya kijeshi hata kama umeziona kwenye picha za wengine: kanuni haipendezwi nazo kwa mtu asiye askari, na sisi Wakongomani tuna sababu zetu za ziada za kukaa mbali nazo.

Sasa, yanayokuondoa. Mdomo wa mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka katikati ya uwanja, umetoka. Bastola ikikuponyoka na kuanguka wakati wa zoezi, umetoka. Risasi ikipiga ardhi ndani ya mita 3 kutoka ulipo, nawe hukuwa ukilenga shabaha ya karatasi iliyo karibu kuliko hapo, umetoka. Kidole kikiwa ndani ya kilinzi cha kifyatulio unapojaza, unapobadilisha magazini, unapotoa risasi iliyokwama au unapotembea, umetoka. Ukishika bastola yako pasipo amri ya mwamuzi na nje ya eneo la usalama (mahali palipotengwa pa kushikia bastola tupu), umetoka, na ndani ya eneo hilo usiguse risasi hata moja, hata za mazoezi zisizo na baruti. Hakuna onyo la kwanza katika hayo.

Linalowaponza wageni zaidi ya yote ni kubadilisha magazini huku wakikimbia upande wa kushoto, kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Mwili umegeukia kushoto, mkono wa kulia unainamisha bastola ili tundu la magazini likutane na mkono wa kushoto, na mdomo wa mtutu unageuka wenyewe kuelekea unakokwenda, ukaribie kabisa mstari wa nyuzi 90 au uupite. Dawa yake ni kusogeza bastola mbele ya bega la kulia, mtutu ukitazama ukuta wa udongo ulio mbele, na kuacha miguu ndiyo igeuke. Utapoteza kitambo kidogo, lakini utabaki mchezoni. Shabaha za chuma nazo zina umbali wake: usizipige ukiwa karibu kuliko mita 7, kwa sababu vipande hurudi.

Mwana_Kampemba

Nawashukuru sana, wazee wangu. Mashine nimeikataa, na kaka anaulizia bastola ya kuazima. Limebaki moja: niongeze kasi au usahihi? Tena, risasi hapa ni ghali. Naweza kufanya mazoezi gani bila kuzimaliza?

Mzee_wa_Kamalondo

Alama zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia, na hapo ndipo jibu lilipo. Kwa nguvu ndogo, eneo A (la katikati ya shabaha) ni alama 5, C ni 3, D (la pembeni kabisa) ni 1, na kila risasi iliyokosa hukukata 10. Tuseme zoezi lina risasi 12. Ukipiga A 10 na C 2 kwa sekunde 8, una alama 56, yaani 7.00. Mwenzako akipiga A 8, C 3 na D 1 kwa sekunde 6.5, ana alama 50, yaani 7.69, na amekushinda ingawa hakulenga vizuri kama wewe. Lakini kwa sekunde zile zile 6.5, akipiga A 10, C 1 na kukosa moja, anabaki na 43, yaani 6.62, na wewe ndiye uliye mbele. Kwa hiyo kimbia kadiri unavyoweza bila kukosa shabaha, na usisumbukie C moja moja.

Mazoezi mengi hayahitaji risasi. Hakikisha bastola ni tupu, ukague kwa jicho na kwa kidole, toa risasi zote nje ya chumba hicho, elekeza mtutu kwenye ukuta imara, kisha rudia kuchomoa, kulenga na kubadilisha magazini tupu, polepole hadi mkono ujue njia. Angalia kidole kila unapobadilisha. Fanya pia ile hatua ya kwenda kushoto niliyokueleza, ukiwa na mtu wa kukutazama kutoka nyuma, maana wewe mwenyewe hutauona mtutu wako ukigeuka.

Fundi_Ruashi

Naongeza moja tu kwa Mwana Kampemba: bastola ya kuazima itakuwa na mtutu wake, kwa hiyo ile hesabu ya 130 ifanywe upya kwa bastola hiyo. Mwombe mwenyewe aipime na risasi zile zile mtakazotumia, na akutumie uzito wa kichwa na mwendo kabla hujanunua tiketi.