Tupeane uzoefu: vakyumu ya kati ndani ya gari la kulala (Malindi)

Mwenye mada
Salaam wenzangu. Magari ya kulala yanayoegeshwa Silversands na Watamu hujaa mchanga mpaka kwenye reli za milango. Wanaojua kufunga vakyumu ya kati, yaani mashine ya kufyonza vumbi inayokaa sehemu moja na kuvuta kwa mabomba hadi matundu ya ukutani, si ile ya kukokota, wamwage ujuzi.

Waya Nene
Umeme kwanza, kabla hujanunua chochote. Mashine nyingi za magari haya ni za soko la Marekani, volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 yetu mota inaungua papo hapo. Tafuta ya 230–240, la sivyo funga transfoma ya kushusha inayozidi wati za mota.

Ukitaka itumike mbali na umeme wa nguzo, piga hesabu. Mota ya wati 1,000 kwa betri ya volti 12 ni ampea 83. Ongeza kinachopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nguzo), unafika 95 hivi. Inveta iwe ya wati 2,000 maana mota ikianza huvuta mara mbili tatu. Waya wa mm² 35, betri hadi inveta usizidi mita 2, na fyuzi ya ampea 150 pale pale kwenye chanya ya betri. Dakika 10 zinakula Ah (ampea-saa) 16 tu, kwa hiyo shida si ujazo wa betri, ni mkupuo wa mota inapoanza. Betri ya lithiamu ya Ah 100 mara nyingi kinga yake ya ndani imewekewa ampea 100, hukata mara tu mota inapoanza, na fundi anaanza kufungua inveta isiyo na kosa.

Bi Mabomba
Kaka kasema kweli. Lakini kazi nyingi huharibikia kwenye bomba.

Bomba la vakyumu lina kipenyo cha nje cha mm 50.8. La maji taka la mm 50 linakaribia, ila viungo havishikani sawasawa na hewa itavuja. Nunua vyote vya aina moja. Kata bomba mraba, si mshazari, kwangua ndani kwa kisu kisha msasa, maana unyuzi mmoja wa plastiki unatosha kukamata nywele, na nywele zikakamata mchanga. Gundi paka kwenye bomba linaloingia, kamwe si ndani ya kiungo. Ukipaka ndani, bomba huisukuma mbele ikaganda kama kizingiti.

Kona ziwe pana, zielekee mashine. Isipokuwa moja: nyuma ya tundu la ukutani weka kona kali makusudi. Kijiti kirefu kitakwama hapo, unapofika kwa mkono, badala ya kukwama chini ya kitanda.

Kabla hujafunika ukuta, washa mashine, ziba matundu yote, pitisha udi unaofuka kwenye kila kiungo. Moshi ukivutwa, hapo panavuja.

Mwenye mada
Ahsante dada. Na vumbi jekundu la Tsavo, kwa wanaorudi kupitia lango la Sala la mbuga hiyo?

Chujio
Hilo ni kazi tofauti. Mchanga wa pwani ni mzito, chombo cha kuzungusha hewa kabla ya mashine huuangusha wenyewe. Vumbi la Tsavo ni laini, hupita hapo. Linahitaji mfuko na chujio. Weka vyote viwili.

Mchanga mbichi usifyonze. Hugandamana kwenye chujio, hewa inapungua, na mota hizi nyingi hupozwa na hewa hiyo hiyo. Sauti ikipanda juu ghafla, zima: mota imekosa hewa.

Hewa chafu itolewe nje kupitia sakafuni, bomba lisiwe jembamba kuliko la kuingilia, mdomo uangalie chini, mbali na maji yanayorushwa na tairi, na uwe na wavu wa kuzuia mijusi. Mashine ikae juu ya bushi za mpira.

Waya Nene
Nyongeza: chumvi ya bahari hula shaba. Tumia lagi (vichwa vya kuunganishia waya) zilizopakwa bati, bana kwa koleo lake, kisha paka grisi. Kiungo kikishika kutu kinapata joto kwa ampea 95 kabla fyuzi haijastuka.

Chujio
Na mfuko ubadilishwe ukifika nusu. Ukijaa mchanga, uzito wake huuchana mdomoni barabara ikiwa mbovu.