Ulinganisho: tupime vipi mwinamo wa barabara tukiwa safarini ili kuokoa dizeli? Kiputo, GPS, barometa au ramani?

MwanaSoni

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina Canter ya zamani yenye pampu ya dizeli ya kawaida, isiyo na kompyuta ya injini, na kazi yangu ni kushusha mboga kutoka Lushoto hadi masoko ya Dar es Salaam. Wengi wenu mnaijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto: kilomita 33 hivi, kutoka mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Kwa wastani ni kupanda mita 3 katika kila mita 100, lakini wastani huo haunisaidii, kwa sababu zipo sehemu ambazo gari linajikongoja kwa gia ya pili, na zipo sehemu ambazo ningeachia pedali ya mafuta mapema kama ningejua kwamba mlima unakatika nyuma ya kona inayofuata.

Nimekwisha kujaribu njia mbili. Ya kwanza ni kile kijibomba kilichopinda chenye majimaji na kiputo cha hewa ndani, ambacho nilikibandika kwenye dashibodi. Gari likiwa limesimama kinasomeka vizuri. Nikikanyaga mafuta, kiputo kinakimbilia mbele na kuonyesha kwamba napanda hata nikiwa kwenye tambarare ya Mombo. Nikishika breki, kinaonyesha nateremka. Ya pili ni programu ya simu inayosoma mwinuko kwa GPS. Nilisimama kituoni kujaza mafuta, injini nimezima, na namba ikaendelea kutembea yenyewe, ikipanda na kushuka zaidi ya mita kumi bila gari kusogea hata hatua moja.

Naomba wenye uzoefu wa barometa (kipimo cha mgandamizo wa hewa) na wa ramani za mwinuko wanisaidie kulinganisha kabla sijatoa fedha.

Fundi_Vipimo

Ndugu MwanaSoni, tutenganishe kwanza mambo mawili. Mwinuko ni urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Mwinamo ni jinsi urefu huo unavyobadilika kwa umbali uliotembea. Injini hailipii mwinuko wa Lushoto, inalipia tofauti kati ya Mombo na Lushoto. Canter tupu ya tani 3 ikiinuliwa mita 1,000 hutumia nishati ya megajuli 29 au zaidi kidogo. Lita ya dizeli ina megajuli 36 hivi, na injini nzuri huzigeuza kuwa kazi kiasi cha theluthi moja tu, kwa hiyo kuinua gari peke yake kunakula lita 2 na ushee, mbali na msuguano wa matairi na upepo. Deni hilo halifutwi na kipimo chochote. Unachoweza kuokoa ni kile kinachopotea kwa kukanyaga pasipo sababu.

Sasa vipimo vyenyewe. GPS ni dhaifu kwa urefu kuliko kwa mahali kwa sababu ya jiometria yake: setilaiti zote ziko juu yako na hakuna hata moja chini ya miguu yako, kwa hiyo kosa la wima huwa kubwa kuliko kosa la mlalo. Ndani ya korongo kama la Soni, kwenye hiyo njia yako ya Lushoto, mlima unaziba nusu ya anga na hali inakuwa mbaya zaidi.

Barometa ni jambo jingine. Mgandamizo wa hewa hupungua kadiri unavyopanda: karibu na bahari, hektopaskali moja (kizio cha mgandamizo) ni sawa na mita 8 na kitu, na kule Lushoto inakaribia mita 10. Kihisi kidogo cha bei nafuu kama BMP280 cha Bosch hutambua tofauti ya hektopaskali 0.12, yaani mita 1 hivi. Ukipima kila mita 200 ulizotembea, kosa la mita 1 linakuwa nusu asilimia ya mwinamo, na hilo linatosha kabisa kwa dereva. Iwapo utapima kila mita 20, kosa hilohilo linakuwa asilimia 5 na takwimu zako zitakuwa takataka.

Simu nyingi za bei ya chini hazina kihisi hiki. iPhone nyingi zinacho tangu toleo la 6 la mwaka 2014, na simu kadhaa za Samsung za daraja la juu zinacho pia, kwa hiyo ulizia kwanza nyumbani kabla ya kununua.

MsafiriWaVoi

Nakubaliana na Fundi, ila kuna mtego ambao ulinipotezea wiki nzima. Mimi naendesha lori la kontena kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa hiyo hali yangu ni kinyume cha yako: mzigo wako unashuka, wangu unapanda kutoka bandarini hadi zaidi ya mita 1,600. Nilikuwa kwenye barabara iliyonyooka kabla ya Mtito Andei, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nikashusha kioo ili nipate hewa. Barometa ikaruka zaidi ya mita kumi papo hapo. Nilidhani kihisi kimeharibika, nikakipandisha kioo, na namba ikarudi ilipokuwa. Nilirudia mara tatu hadi utingo akaniuliza kama joto limenizidi.

Lori langu ni jipya kidogo, nikajaribu pia kusoma mgandamizo wa hewa kupitia soketi ya OBD, yaani tundu la kuchomekea kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, kwa maana kompyuta ya injini inayo barometa yake. Msipoteze muda huko. Namba hiyo hutolewa kwa kilopaskali nzima nzima, na kilopaskali moja ni karibu mita 90. Utapanda kilima chote na namba haijabadilika.

Fundi_Vipimo

Ushuhuda wako ni wa thamani, ndugu Msafiri. Upepo unaopiga gari kwa kilomita 80 kwa saa una mgandamizo wa ziada wa karibu hektopaskali 3, yaani mita 25 za mwinuko wa uongo kama wote ungeingia ndani. Kwa kilomita 40 ni robo ya hapo tu, kwa sababu mgandamizo huo hufuata mraba wa mwendo. Kwa hiyo MwanaSoni kwenye mlima wake hatasumbuka sana, lakini akae na vioo katika hali moja safari nzima, na feni ya ndani asiiguse.

Kuna na mtego wa pili ambao sisi wa ukanda wa ikweta tunapaswa kuujua kuliko watu wa Ulaya. Hewa yetu ina kupwa na kujaa kwake kila siku. Mgandamizo hufika kileleni karibu saa nne asubuhi na kushuka hadi karibu saa kumi jioni, na tofauti yake huwa kama hektopaskali 3. Gari lililoegeshwa mahali pamoja litaonekana limepanda mita 20 hadi 30 kati ya asubuhi na jioni. Kwa mwinamo unaopimwa kila mita 200 haina madhara, kwa sababu mabadiliko ni ya polepole, lakini usilinganishe urefu wa asubuhi na wa jioni bila kusahihisha.

DadaRamani

Naomba niongeze upande wa ramani, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Data ya mwinuko ambayo programu nyingi hutumia ni SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari mwaka 2000. Kila nukta yake ni mraba wa mita 30 hivi. Kwenye nyika kati ya Segera na Chalinze inafaa sana, na haigharimu kitu. Kwenye barabara iliyochongwa ubavuni mwa Usambara haifai, na sababu ni rahisi: mraba mmoja wa mita 30 unabeba ukingo wa juu, barabara na sehemu ya korongo kwa pamoja. GPS ikikosea mita 15 tu kwa pembeni, ramani itakusomea urefu wa mwamba au wa bondeni, na mwinamo utakaokokotolewa utaonyesha barabara inayopanda ngazi. Rada hiyo tena haioni ardhi vizuri chini ya miti iliyosongamana, wala haijui madaraja na matuta yaliyojengwa baada ya mwaka 2000.

Jambo la pili ni lile linalowashangaza wengi wa Dar es Salaam na Mombasa, ambao simu zao huonyesha hasi ishirini na kitu wakiwa wamesimama ufukweni. Simu haijaharibika. GPS hupima kutoka kwenye umbo laini la kihesabu la dunia, na kwenye pwani yetu usawa halisi wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa kiasi hicho. Baadhi ya programu husahihisha, nyingine hazisahihishi. Kwa mwinamo haina athari, lakini usichanganye namba za programu mbili katika daftari moja.

Malori mapya ya Ulaya yameshalitatua tatizo hili kwa njia ambayo tunaweza kuiiga. Mfumo wa Mercedes-Benz uliotoka mwaka 2012 husoma ramani ya milima iliyo mbele na kupunguza mafuta kabla ya kilele, na ule wa Volvo ulianza kwa kukumbuka milima ambayo gari lenyewe lilikwisha kuipita. Angalieni hilo la pili: gari linapita, linakumbuka, safari ijayo linajua. MwanaSoni anapita barabara moja kila wiki. Kipimo cha papo kwa papo kinamwambia kile ambacho kiti chake kimekwisha kumwambia, yaani kwamba sasa hivi anapanda. Anachohitaji ni kujua mita 300 zijazo, na hilo linapatikana kwa kurekodi njia mara moja kwa makini.

MzeeKitonga

Vijana wangu, nimewasoma wote kwa utulivu. Nimepanda na kushuka mlima Kitonga wa Iringa tangu lori langu lilipokuwa na usukani mgumu kama jiwe, na kipimo changu kilikuwa gia na sauti ya injini. Sipingi vipimo vyenu. Ninachoomba ni kimoja: mtu akishajua kwamba mteremko wa mbele ni mrefu, asije akashawishika kuweka nyutro akidhani anaokoa mafuta. Injini iliyo ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya pedali, pampu inakata mafuta kabisa, hata hizi pampu za zamani. Ukiweka nyutro, injini inanyonya mafuta ya kusailensi, yaani ya kunguruma bila mzigo, ili isizime, na breki zinabaki peke yake na tani saba za kabichi zinazosukuma. Nimewaona waliounguza breki pale chini. Mwenye Canter ateremke kwa gia ileile ambayo angepandia, na breki ya eksozi, ile inayoziba moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo, aitumie mapema.

MsafiriWaVoi

Shikamoo Mzee. Umesema neno ambalo hata sisi tunaopita Salgaa, ule mteremko wa Kenya wenye ajali nyingi za malori, tumelilipia.

Niongeze kuhusu kihisi cha mchapuko cha simu, kinachohisi kuongezeka na kupungua kwa mwendo, ambacho hakijatajwa na mtu. Kinafanya kazi kama kiputo cha MwanaSoni na kina ugonjwa uleule: breki ya kawaida tu hukifanya kione mwinamo wa asilimia 10. Unaweza kukiponya kwa kuondoa mchapuko wa gari lenyewe, ukiwa na mwendo sahihi kutoka OBD, jambo ambalo Canter ya zamani haina. Aidha mzigo wa nyuma hukalisha springi na kuinua pua ya gari, kwa hiyo sufuri yake hubadilika kila unapopakia. Mimi nilikiweka sawa kwa kusoma namba, kugeuza lori likaangalia nyuma mahali palepale, kusoma tena na kuchukua wastani. Ilikubali siku moja, kesho yake mzigo ukabadilika nikaanza upya.

MwanaSoni

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimerudi na majibu.

Niliazima simu ya binti yangu, ambayo ina barometa, na utingo akakaa nayo na daftari mapajani. Tulisoma namba kila nusu kilomita kwa odometa, vioo vimefungwa, na joto tulilivumilia. Tulifika Lushoto saa nne asubuhi. Saa kumi jioni, gari likiwa halijatoka mahali pake, simu ilionyesha tumepanda mita 26. Nisingekuwa nimemsoma Fundi ningeitupa.

Nilipotoa tofauti za kila nusu kilomita, kupanda na kushuka vilikubaliana karibu kila mahali. Kubwa nililojifunza ni kwamba kuna kipande baada ya Soni ambacho kwa miaka yote nimekiita tambarare, nikibadilisha gia ya juu na kukanyaga ili nifidie muda. Kinapanda asilimia 2. Jicho lilidanganywa kwa sababu kimetanguliwa na kipande cha asilimia 7. Na vilele vinne vinakatika ghafla nyuma ya kona, hapo ndipo nilipokuwa nafika na mguu chini kabisa na kisha kushika breki mara moja.

Nimeandika alama saba kwenye kipande cha boksi na kukibandika juu ya redio: mkaratusi uliopinda, daraja dogo, kibanda cha mapeasi, na kadhalika. Kwenye kila alama naachia pedali. Kwa mteremko nimefuata maneno ya Mzee bila kupunguza.

Sasa nataka kupima dizeli yenyewe kwa safari kumi, kwa kujaza tangi hadi shingoni kila nikirudi.

Fundi_Vipimo

Jaza kwenye pampu ileile, gari likiangalia upande uleule. Tangi lililoinama kidogo linaweza kuficha lita kadhaa, na hizo ndizo unazozitafuta.

MwanaSoni

Nimekwenda na kile kiputo changu cha kwanza kwenye kituo ninachojazia hapa Mombo. Sakafu yake imeinama kuelekea barabarani. Korogwe kuna kituo ambacho kiputo kimekaa katikati pande zote mbili, kwa hiyo nitajazia huko kuanzia safari ya Jumanne.