Soksi za kubana, bandeji au mashine ya hewa: kipi kinafaa baada ya mbio za mteremko?

Mpanda_Menengai (Nakuru)
Habari za jioni, wanachama. Jumamosi nilipanda Menengai nikateremka nikikimbia, na hadi leo Jumatatu nashuka ngazi kinyumenyume huku nimeshika ukuta. Nalinganisha soksi za kubana, bandeji ya kunyumbulika niliyo nayo nyumbani, na yale mabuti ya hewa ambayo jimu moja hapa mjini hukodisha kwa nusu saa. Naomba maoni ya waliovitumia.

Mwalimu_wa_Riat (Kisumu)
Pole sana, ndugu yangu. Katika mteremko msuli wa paja hukaza huku ukirefushwa, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, wala si jioni ileile. Wengi huilaumu asidi ya laktiki, ingawa hiyo huondoka damuni ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Kazi ya mbano ni kuzuia uvimbe na kusaidia damu ya vena irudi moyoni. Nikimaliza kupanda Riat huvaa soksi hadi usiku, na shavu la mguu hupata nafuu. Lakini wewe unaumwa mapaja! Soksi inayoishia chini ya goti itakusaidiaje? Tafuta suruali ya kubana.

Fizio_Kakamega
Mwalimu amenena vyema. Nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia, nasisitiza vipimo. Soksi nzuri hubana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri inavyopanda, na kwa wanamichezo mbano wa milimita 15 hadi 20 za zebaki (kipimo kile kile cha shinikizo la damu) hutosha kwa kawaida. Pima asubuhi, kabla mguu haujavimba, juu kidogo ya kifundo na pale shavu linaponenepa. Niliwahi kuuziwa jozi kwa kufuata saizi ya kiatu tu. Utepe wa juu ulijikunja na kuacha mfereji mwekundu chini ya goti, ukageuka kizuizi cha damu ile ile niliyotaka ipande.

Bandeji ni rahisi, ila huwezi kujua imebana kiasi gani. Vidole vikipoa au kufa ganzi, ifungue mara moja. Mwenye mishipa ya ateri iliyoziba, au kisukari kilichoondoa hisi miguuni, asivae chochote cha kubana kabla ya kumwona daktari. Vilevile, mguu mmoja ukivimba na kupata joto, au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Baiskeli_Dunga (Kisumu)
Mabuti nimeyatumia mara nne. Vyumba vyake hujaa hewa kwa zamu, kuanzia wayo hadi paja, kisha hulegea. Jioni ile miguu huwa myepesi ajabu, lakini asubuhi ngazi ni zile zile. Mavazi ya kubana yamechunguzwa zaidi, na nafuu iliyoonekana ni ya wastani, tena haiwezekani kumficha mtu kwamba amebanwa, kwa hiyo sehemu ya nafuu huenda inatokana na matarajio. Hata hivyo, nguo unaivaa usiku kucha, tena miezi mingi. Nusu saa ya mashine hulipiwa upya kila mara.

Mpanda_Menengai (Nakuru)
Nawashukuru sana, hasa kwa hilo la mapaja, ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Bandeji nimeirudisha kabatini, na jimu sitaenda. Nimeazima utepe wa fundi cherehani kwa jirani. Kesho alfajiri, kabla ya kuteremka kitandani, nitapima paja kisha niwaletee sentimita mnisaidie kuchagua saizi.