Tupeane uzoefu: Tovuti ya kampuni inayoomba tenda za serikali, ilikusaidia au ilikula hela tu?

Fundi Kijenge (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nina kampuni ndogo ya ujenzi hapa Arusha, daraja la saba CRB (bodi ya usajili wa makandarasi). Kazi zangu ni vyoo vya shule, nyumba za walimu, ukarabati wa zahanati. Kuna kijana wa Njiro anataka laki nane anitengenezee tovuti "ya kimataifa". Sasa mimi najiuliza: tangu NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, uchukue nafasi ya ule wa zamani wa TANePS mwaka 2023, tenda zinaombwa humo humo. Hakuna halmashauri itakayonipa kazi kwa sababu nina ukurasa unaopendeza. Tovuti ya nini? Waliokwisha kutengeneza waseme walichokiona. Wanaouza huduma wapite kimya kimya.

Waya Mbauda
Mkuu, hata mimi nilikuwa na msimamo huo. Mimi ni wa umeme. Aliyenifungua macho hakuwa mtu wa serikali, alikuwa mkandarasi mkubwa aliyeshinda jengo la ofisi, anatafuta wa kumwachia kazi ya umeme. Alipewa majina matatu, akayatafuta Google akiwa amekaa kwenye gari. Jina langu likamletea ukurasa wa Facebook wenye picha za harusi ya shemeji yangu. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Tenda inapita NeST, sawa. Lakini kabla na baada ya hapo kuna watu wanaokutafuta kwa jina: mkandarasi mkuu, benki ukiomba dhamana ya malipo ya awali, duka la vifaa ukitaka nondo kwa mkopo. Hao ndio wasomaji wa tovuti yako. Nilipolielewa hilo, maneno yote ya "ubora na weledi" nikayafuta.

Mama Steshenari, Moshi
Nimecheka hiyo harusi jamani 😂 Yangu ilikuwa mbaya zaidi. Tovuti ya kwanza ilijaa wazungu wanapeana mikono kwenye ofisi ya vioo. Siku moja mzee wa manunuzi wa taasisi fulani kaja dukani, karibu na Double Road hapa, anatazama huku anatazama kule, ananiuliza: "Mama, wale wafanyakazi wa kwenye mtandao wako likizo?"

Nikazing'oa zote. Nikapiga kwa simu yangu stoo ilivyo, kirikuu imepakia katoni za karatasi, mimi na mabinti wangu wawili. Picha si nzuri sana ila ni zetu.

Jingine, jina. Langu la BRELA (wanaosajili makampuni) lina neno moja ambalo fundi wa tovuti aliona linaharibu nembo, akalikata. Mteja akaja na LPO (oda ya manunuzi) yenye jina la kwenye tovuti, risiti yangu ya mashine ya EFD ina jina la BRELA. Malipo yalikaa mpaka karatasi zirekebishwe. Andikeni jina kama lilivyo kwenye cheti, hata kama ni refu kama treni.

Daraja la Sita
Ngoja niseme aibu yangu. Niliomba kupanda daraja, nikaandika kwenye tovuti kabisa kwamba mimi ni wa sita, cheti bado. Mkandarasi mkuu akaangalia orodha ya CRB, akanikuta wa saba. Hakunigombeza, aliacha tu kupokea simu. Sasa hivi nimeshapanda kweli na bado hapokei.

Kikundi Kiboriloni
Sisi ni akina mama tunaoshona sare. Tuliingia kupitia ile asilimia 30 ya manunuzi ya serikali inayotengewa makundi maalum (wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu). Hatukuhitaji makubwa. Ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu: vyerehani vingapi, tunatoa sare ngapi kwa wiki, shule tulizozishonea, namba ya simu inayopatikana. Hiyo namba muiangalie. Yetu ilikuwa ya katibu aliyeolewa akahamia Tabora.

Chalii wa Sakina
Mleta uzi kasema tupite kimya, lakini arifu mimi nakuja kutubu. Nilimtengenezea bosi mmoja ukurasa wenye picha kubwa, jumla megabaiti 14. Ofisini kwangu unafunguka fasta. Mteja wake yuko Loliondo, mtandao wa kubahatisha, duara linazunguka tu. Nikazipunguza mpaka chini ya moja.

Pia domeni ya .co.tz isajiliwe kwa jina la kampuni yako, si la fundi. Tukigombana utaiacha kwangu. Na kuna aliyetaka nimuwekee nembo ya taifa juu kabisa "ili ionekane ya serikali". Nilikataa hela yake.

Mpwa wa Maryland
Binamu yangu ana kampuni ya usafi Marekani. Kule anayetaka tenda za serikali anajisajili kwenye tovuti ya SAM.gov, anapewa namba ya utambulisho ya UEI, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya DUNS Aprili 2022. Tovuti yake inaanza na hiyo namba, misimbo ya NAICS (namba za aina za biashara) ya kazi anazofanya, halafu karatasi moja ya PDF unayopakua. Nimeiga hiyo karatasi tu: TIN, usajili, daraja, kazi tano zenye mwaka na mahali. Akaunti ya benki siweki, matapeli ni wengi.

Fundi Kijenge
Shukrani sana wakuu, na shikamoo Mama Steshenari. Kijana nimemwambia ukurasa mmoja na ile karatasi, tumekubaliana laki mbili na nusu. Tatizo sina picha hata moja ya kazi zangu. Jumamosi napanda haisi kwenda Monduli kupiga picha vyoo nilivyojenga mwaka juzi. Nimempigia mwalimu mkuu kuomba ruhusa, kafurahi sana, anasema nije na bawaba, mlango wa tatu haufungi.